Taulo za kike za kufua, Newala: shajara ya mradi, Machi hadi Septemba

Machi 3

Mradi huu umeanzia chini ya cherehani yangu. Mimi ni fundi nguo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, mkoani Mtwara, na kila fundi ana mfuko wa vipande: masalia ya sare za shule, ya vitenge, ya mashuka. Watoto huviomba washone midoli. Mwaka jana nikaanza kuona wasichana wakubwa, wa darasa la sita na la saba, wanakuja jioni mmoja mmoja kuomba vipande, na wote wanachagua vyeusi. Mmoja nilimpa mara mbili. Mara ya tatu nikamwuliza, mwanangu, huyo mdoli wako ana ukubwa gani hata amalize kitambaa chote hicho? Akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Ndipo nilipoelewa, na moyo ukaniuma, maana vipande vingi nilivyompa vilikuwa vya tetroni ya sare. Tetroni hainyonyi kitu. Damu hupita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba.

Leo nimelifikisha jambo hili kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Tuko wanawake kumi na wanne. Tumekubaliana kutoa sehemu ya mfuko wa jamii tushone taulo za kike za kufua kwa ajili ya shule ya msingi iliyo karibu. Mwalimu matroni amehesabu wasichana 31 waliokwisha kuvunja ungo. Nimepewa kazi ya kushona na ya kuandika shajara hii.

Machi 8

Hesabu kwanza. Dukani kwetu pakiti ya taulo za kutupa, vipande vinane, ni shilingi 2,000. Hedhi huchukua siku mbili hadi saba, na taulo inatakiwa ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita. Kwa hiyo pakiti moja humtosha msichana siku mbili, na akiinyoosha sana, tatu. Nyumba yenye mabinti wawili na mama yao inahitaji pakiti tano sita kwa mwezi. Hapa kwetu fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, minada ikifunguliwa kuanzia Oktoba. Hedhi huja kila mwezi. Machi ni mwezi ambao baba mwenye nyumba hana hata ya chumvi.

Mwenzetu mmoja kikobani akauliza: si serikali iliondoa kodi? Iliondoa. Julai 2018 taulo za kike zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Bajeti ya 2019/20 ikairudisha, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Wenzetu wa Kenya waliiondoa tangu 2004, kisha mwaka 2017 wakatunga sheria ya kuwapa bure wasichana wa shule za umma. Rwanda nao waliiondoa mwishoni mwa 2019. Mimi naamini msamaha ule ulistahili kupewa muda na kusimamiwa mpaka rafu ya duka la kijijini, badala ya kufutwa baada ya mwaka mmoja. Pakiti ikifika Newala imekwisha kupita mikono ya Dar es Salaam, Mtwara na Masasi, na kila mkono umechukua chake. Lakini msichana wa darasa la sita hawezi kusubiri bajeti.

Machi 15

Sampuli ya kwanza. Juu flaneli, katikati taulo kuukuu la kuogea lililokatwa mara mbili, chini nailoni ya kuzuia damu isipite. Pembeni mabawa mawili ya kukunjia chini ya chupi, yenye kifungo cha kubana.

Nailoni imenishinda. Inatoa sauti mtu akitembea, inafukuta, na nilipoianika juani siku mbili mfululizo ikakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Kitambaa maalumu kisichopitisha maji hakipo Masasi, na Mtwara mjini nimekipata kwa bei ya kuchekesha wenye pesa.

Jibu limetoka kwa mama mmoja wa kikoba ambaye mumewe hutengeneza miavuli. Kitambaa cha mwavuli! Chepesi, hakipitishi maji, hakisikiki, na mwavuli uliovunjika mbavu unatoa taulo nane. Tumetangaza kijijini kwamba tunanunua miavuli mibovu. Hatujasema ya nini.

Machi 29

Wiki mbili tumezivaa wenyewe kabla ya kumpa mtoto wa mtu. Huo ndio ulikuwa uamuzi bora zaidi tuliofanya tangu tuanze. Wanne wetu walikuwa mwezini, na wawili walirudi na madoa kwenye sketi.

Kosa ni langu. Ili matabaka yasicheze nilipitisha mshono katikati, kutoka juu hadi chini, na kila tundu la sindano kwenye kitambaa cha mwavuli likawa mlango. Sasa nashona hivi: flaneli na taulo la katikati nazibana pamoja peke yake, kisha kitambaa cha mwavuli kinaungwa pembeni tu, kwenye ukingo. Nimemwaga vijiko vitatu vya maji ya chumvi juu yake na kuikalia nusu saa. Kavu. Kwa mwanamke wa kawaida damu ya hedhi nzima ni kama mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili vitatu vya chakula kwa siku zote, ingawa kwa anayeiona inaonekana ndoo. Wapo wanaotoka zaidi ya mililita 80; hao tunawashauri waende zahanati, maana damu ikipungua mwilini hakuna taulo itakayosaidia.

Aprili 12

Tumekwenda kwa kungwi. Mwalimu matroni alisita, alidhani unyago na shule havikai chungu kimoja. Mimi nilisisitiza. Hapa kwetu msichana hafundishwi mambo ya mwezi na mama yake mzazi, hufundishwa na kungwi, na kitu kitakachoingia kwa mlango wa nyuma, kungwi asijue, kitatokea kwa mlango huohuo.

Nilipiga goti, nikasema, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba, akaichukua taulo, akaigeuza, akaivuta, akainusa. Kisha akaanza kutuhadithia ya kwao. Kitambaa cha kaniki kilichokunjwa na kufungwa na uzi kiunoni. Shanga nyekundu zinazotundikwa kitandani ili mume ajue bila kuambiwa. Mwanamke aliye mwezini hatii chumvi kwenye mboga, humwita mtoto amtilie. Na kitambaa kile, akasema, hakionwi na jicho la mtu. Hakianikwi uani. Mwenye nia mbaya akikipata ameshika uzazi wako.

Mwalimu alitaka kumjibu. Nilimgusa goti anyamaze.

"Bibi," nikamwuliza, "sasa kinakauka wapi?"

"Chini ya kitanda, mwanangu. Au ndani ya paa, juu ya jiko."

Nimeandika jibu hilo bila kulitafakari. Kwa leo lililonifurahisha ni kwamba ameikubali taulo yetu na ameomba mbili za wajukuu wake.

Aprili 26

Tumegawa. Wasichana 31, kila mmoja taulo nne, kipande cha sabuni, na mfuko mdogo wa kitenge wa kubebea. Mwalimu mkuu, mwanamume, alifungua mkutano mwenyewe na akasema neno hedhi mbele ya darasa zima la saba, wavulana wakiwemo, bila kupepesa. Wavulana walicheka dakika moja, kisha mmoja akauliza kama inauma. Namshukuru sana yule mtoto kwa swali lile.

Mambo mawili yametukuta bila kujiandaa.

La kwanza: taulo yenye mabawa hufungwa kwenye chupi, na wasichana tisa hawana. Si kwamba hawakuvaa leo. Hawana. Huvaa kaptura ya kaka chini ya sketi, au hawavai kitu. Tumekaa wiki sita tukibishana kuhusu kitambaa cha mwavuli na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hilo.

La pili ni choo. Mwongozo wa serikali wa usafi shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hapa matundu ya wasichana yako matatu, na moja limejaa. Milango ipo lakini haina komeo. Msichana akiingia rafiki yake hushika mlango kwa nje. Ukiwa peke yako unashika mwenyewe kwa mkono mmoja. Nimejaribu: kubadilisha taulo kwa mkono mmoja, umechuchumaa, bila pa kutundika mfuko. Haiwezekani. Unaamua kukaa na ileile mpaka jioni, au unaamua kubaki nyumbani.

Mei 3

Tumenunua komeo tatu na misumari ya kutundikia mifuko. Fundi seremala amezipiga bure. Kazi ya asubuhi moja.

Mei 10

Leo nimerudi shule kuuliza. Wasichana wamekaa na mwalimu matroni na mimi chini ya mkorosho, wakawa kimya, mpaka mmoja akasema: "Mama, zinanuka."

Amezitoa. Zimeota ukungu, vidoa vyeusi kwenye flaneli, na katikati bado zina unyevu. Amezianika chini ya kitanda, kama alivyofundwa. Mvua za masika zimenyesha wiki tatu, sakafu ni ya udongo, hewa haipiti. Nikawauliza wengine wameanika wapi. Chini ya godoro. Ndani ya begi la shule. Nyuma ya debe la unga. Mmoja tu ameanika kambani, usiku, akaamka alfajiri kuziondoa zikiwa mbichi.

Nimerudi nyumbani nimeudhika, na usiku sikulala. Taulo yangu ile, niliyojivunia kwa matabaka yake manne yaliyobanwa pamoja, ndiyo inayochukua siku mbili kukauka hata juani. Chini ya kitanda haikauki kamwe. Kuvaa kitambaa kibichi chenye ukungu ni kumkaribishia msichana muwasho na maambukizi, na aliyempa kitambaa hicho ni mimi. Matabaka manne kwa Newala ya mwezi wa nne ni kosa la ushonaji, na siwezi kumlaumu mtoto aliyetii alichofundwa.

Mei 17

Nimekwenda tena kwa kungwi, peke yangu, na taulo yenye ukungu mkononi. Sikumwambia kwamba imani yake ni ya uongo. Nimemwonyesha tu. Ameitazama muda mrefu.

"Basi ishone isijulikane," akasema. "Jicho halioni kitu lisichokijua."

Neno hilo limebadilisha kazi yote. Taulo mpya ni ya vipande viwili. Kipande cha kwanza ni mfuko mwembamba wenye mabawa, chini kitambaa cha mwavuli, juu pamba moja tu, na vikamba viwili huku na huku. Cha pili ni mraba wa flaneli, mkubwa kama leso ya mkononi, wenye ukingo ulioshonwa na maua madogomadogo. Msichana anaukunja mara tatu, anaupitisha chini ya vikamba, anavaa. Akiufua anaukunjua, na kambani ni leso kati ya leso. Tabaka moja. Niliuanika saa nne asubuhi kwenye jua la vipindi, saa saba ulikuwa umekauka.

Jua lina faida nyingine ambayo mwalimu amewaeleza vizuri: mwanga wake unaua vijidudu ambavyo sabuni imeviacha. Siku za mvua tunashauri pasi ya mkaa juu ya flaneli, si juu ya kitambaa cha mwavuli, kinayeyuka.

Mei 28

Siku ya Hedhi Duniani, inayoadhimishwa tangu 2014. Tarehe 28 ni kwa mzunguko wa siku 28, mwezi wa tano kwa siku tano za damu. Mwalimu amewaongezea wasichana jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu nilipokuwa na umri wao: mwaka wa kwanza na wa pili baada ya kuvunja ungo mzunguko unaweza kuwa wa siku 21, unaweza kuwa wa siku 45, na si ugonjwa wala si ishara ya dhambi. Binti mmoja alishusha pumzi kwa sauti.

Sisi tumeshinda tukikata flaneli. Miraba 155, mitano kwa kila msichana. Na chupi 62, mbili mbili. Hizo tumenunua za dukani mpya. Mtumba wa nguo ya ndani hatugawi.

Juni 14

Vipande vipya vimegawiwa kabla ya likizo. Likizo hii kuna unyago, na kungwi ameomba miraba kumi ya kufundishia. Sitaingia kwenye yanayosemwa ndani, si ya kuandikwa. Ninachoweza kuandika ni kwamba mmoja wa wali, wasichana waliokuwa wakifundwa, alipotoka aliniambia, "Bibi ametufundisha kukunja." 

Julai 19

Kiangazi kimekaza, na tumeligonga jambo ambalo mtu yeyote wa Newala angetuambia mapema, sisi wenyewe tukiwemo.

Nyanda hizi za Makonde hazina mito. Mchanga wake una kina kirefu, mvua yote huzama. Maji ya bomba hupandishwa kutoka bondeni, Mitema, na huku vijijini hufika kwa zamu. Nyumba zenye mabati zina visima vya kuvunia mvua, na kufikia Julai vingi vimeanza kugusa chini. Asiye na kisima hununua. Ndoo ya lita 20 leo ni shilingi 500 kwa mwenye baiskeli. Ukienda Shimo la Mungu, pale kingo za uwanda zinapokatika, unaliona bonde lote la Ruvuma limelala chini likiwa kijani, nawe juu unapima maji kwa kikombe.

Nimepima ninachotumia kufua miraba ya siku moja: lita moja ya kuloweka, mbili za sabuni, mbili za kusuuza. Yawe baridi, ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Lita tano kwa siku, lita 25 kwa siku tano. Ukijumlisha sabuni, gharama kwa mwezi haifiki shilingi 1,000, bado ni nafuu kuliko pakiti. Kwa karatasi mradi umefaulu.

Lakini karatasi haijui foleni ya ndani ya nyumba. Ndoo ikiwa moja, kwanza ni ya kupikia, kisha ya kunywa, kisha ya baba kuoga, kisha vyombo. Binti anayesema naomba lita tano lazima aseme za nini. Wasichana watatu wameniambia wamerudi kusuuza kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Mmoja amerudia vipande vyangu vya zamani, kwa sababu hivyo unaweza kuvifukia.

Kikoba kimebishana mpaka jua likazama. Baadhi walitaka tuache taulo za kufua kabisa, tununue za kutupa. Za kutupa nazo, shuleni hakuna pa kuzichomea, na plastiki yake ndiyo iliyosaidia kulijaza lile tundu la tatu. Kikombe cha hedhi cha silikoni kinadumu hadi miaka kumi na kinahitaji maji kidogo sana, ila huwekwa ndani ya uke, na kungwi alipokiona kwenye picha alikunja uso; kwa watoto wa darasa la sita sikutaka kumbishia. Kwa wanawake wazima wa kikoba wawili wamesema watakijaribu.

Tumeamua hivi. Kuanzia Julai hadi mvua zirudi, kila msichana anapata pakiti moja ya kutupa kwa mwezi, kwa siku zile mbili nzito, na miraba ya kufua kwa siku nyepesi. Mvua zikirudi, miraba peke yake. Ni mpango wa misimu miwili, kama kilimo chenyewe.

Agosti 16

Mkutano wa wazazi shuleni. Niliomba akina baba wawepo, kwa sababu fedha ya korosho iko mikononi mwao, na walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Nilipanga ndoo moja na vikombe mezani, nikagawa maji yale mbele yao: ya ugali, ya kunywa, ya kuoga, ya vyombo. Kilichobaki chini nikawauliza, binti yako afue na hiki?

Palikuwa kimya. Kisha mzee mmoja akasimama, akasema amezaa mabinti wanne na hajawahi kujua kwamba lita tano zinatosha. Alidhani ni jambo kubwa lisilo na kipimo. Akasema nyumbani kwake zitatengwa.

Wamekubaliana vilevile kwamba baada ya mnada wa kwanza kila mzazi atachangia mabomba ya kukingia mvua kwenye paa la madarasa mawili, na simtanki la lita 5,000 litakalokaa upande wa vyoo vya wasichana. Fundi wa mabati ameshapima paa. Nimeomba bomba la tangi liwe ndani ya uzio wa choo, si nje uwanjani, ili msichana anawe mkono na kusuuza bila mashahidi. Hilo nililing'ang'ania na limeandikwa kwenye muhtasari.

Septemba 13

Hali ya leo. Komeo mbili zinafanya kazi, moja imeng'olewa na tumeirudisha kwa skrubu ndefu. Kati ya miraba 155 imerudi kumi na miwili iliyochanika pembeni, yote ya flaneli ya rangi ya waridi tuliyonunua kwa bei ya chini; hatutainunua tena. Mifuko ya kitambaa cha mwavuli yote iko sawa isipokuwa mmoja uliopigwa pasi. Sanduku la dharura la mwalimu matroni limebaki na pakiti sita. Wasichana wapya watano wamevunja ungo tangu Machi na bado hawajapata chao.

Miavuli mibovu imekwisha kijijini. Jumanne ninakwenda Masasi na gunia, kuna fundi miavuli sokoni aliyeahidi kuniwekea. Na kungwi ameniletea kaniki yake ya zamani, nyeusi, laini kwa kufuliwa miaka mingi, akasema nijaribu kuikata miraba. Inanyonya kuliko flaneli. Nimeikata minne tayari, nangoja jua la kesho nione inakauka saa ngapi.